Kiwanja cha Kiangazi

Mavuno yakiisha, tumbaku na karanga huuzwa. Fedha zikipatikana, watu wengi hutafuta kiwanja au nyumba. Hapa Gongoni mji wa Tabora unapanuka, na wanaotafuta mahali pa kujenga ni wengi. Kiwanja cha mwinuko huwa ghali. Kiwanja cha bondeni huwa rahisi. Je, umejiuliza kwa nini?

Kwetu mvua huanza Novemba na huisha Aprili. Baada ya hapo nchi hukauka. Kiwanja unachooneshwa mwezi wa Agosti ni kizuri, kimefagiwa na upepo. Mwezi wa Januari pengine ni njia ya maji. Siku hiyo muuzaji hayupo. Upo wewe, watoto na gunia la mahindi lililolowa.

Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilibomoa nyumba na kukata barabara na reli katika nchi yetu. Wataalamu wanasema kwamba dunia ikizidi kupata joto, mvua kubwa za ghafula zitaongezeka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fanya haya:

1. Chimba kidogo, utazame udongo. Udongo mweusi wa mbuga hufura ukilowa na hupasuka ukikauka. Ukuta nao hupasuka.

2. Tazama mimea. Ukiona matete au mabua ya mpunga, jua kwamba maji hutuama hapo.

3. Tazama nyumba za jirani. Kama kuta zimelika chini, maji hupita hapo.

4. Waulize wazee wawili au watatu: mwaka wa mvua nyingi maji yalifika wapi?

5. Kama kuna mto, pima. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Usijenge humo.

6. Usilipane gizani. Kijijini, nenda kwanza kwa Halmashauri ya Kijiji. Mjini, nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa.

Na wewe uliyekwisha kununua bondeni, usikae tu. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, uyapeleke maji pembeni, lakini si kwa jirani. Inua msingi kwa mawe. Refusha upenu wa paa, ili mvua isipige ukuta. Funga bati kwa waya imara, maana upepo huja kabla ya mvua. Nyumba ya udongo si mbaya. Wazee wetu walijenga matembe ya udongo yenye kuta nene. Adui wa udongo ni maji yanayosimama chini yake.

Kazi hizi zifanywe kabla ya Novemba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ndugu msomaji, kama unaweza, subiri. Kitazame kiwanja siku ya mvua, ndipo utoe fedha zako.