Mali bila Daftari: Miswada ya Kiswahili na Usajili wa Mabadiliko

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana mwanafunzi wa Kiswahili asiyeweza kuieleza methali hii. Hata hivyo, wanaoieleza vyema darasani ndio hao hao wanaoikiuka wanapoketi mbele ya tarakilishi. Mwanafunzi wa uzamili hufungua faili ya tasnifu yake, akafuta aya, akaandika nyingine, akahifadhi na kwenda zake. Aya ya awali imezikwa bila matanga. Mwenye hofu kidogo huunda nakala na kuziita "tasnifu mwisho", "tasnifu mwisho kabisa" na "tasnifu mwisho kabisa 2". Siku msimamizi anapomwambia kuwa sura ya tatu ya mwezi Machi ilikuwa na mantiki kuliko ya sasa, faili zote tatu hufunguliwa na hakuna inayojibu.

Huenda hasara hiyo ikaonekana kuwa ya mtu mmoja. Historia ya fasihi ya Kiswahili inaonyesha vinginevyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalidumu vinywani mwa watu hadi yalipokusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah na W. E. Taylor katika karne ya 19. Diwani yenyewe ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940. Nakala za Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir nazo hutofautiana. Kati ya mtunzi na msomaji wa leo wamepita wakariri, wanakili na wahariri, kila mmoja akiacha alama ya mkono wake. Mtafiti akikuta neno moja katika nakala hii na jingine katika nakala ile, hubaki kukisia: ni nani aliyebadilisha, lini, na kwa sababu gani? Wanakili wa kale hawastahili lawama, kwani kalamu na karatasi hazikuwaruhusu kuhifadhi kila hatua. Msomi wa leo hana udhuru huo.

Mfano mmoja unatosha. Mwanafunzi amerekodi nyanjani shairi la Kimvita kutoka kwa mzee. Mzee ametamka "mato", naye akaandika "mato". Baada ya wiki mbili, mwenzake anayemsaidia kuhariri anadhani ameona kosa, kwa kuwa Kiswahili sanifu kinasema "macho", na kwa nia njema analisahihisha. Iwapo kina cha ubeti huo ni "-to", na maneno yanayofuatana nalo ni "moto", "kito" na "wito", basi ubeti umevunjika. La kusikitisha zaidi ni kwamba umevunjika kimyakimya. Atakayeusoma mswada huo mwaka ujao atadhani kuwa mzee ndiye asiyejua kupanga vina. Lahaja hazipotei kwa kukosa wasemaji pekee. Hupotea pia kwa masahihisho madogo madogo ambayo hayakuandikwa popote.

Waandishi wa programu za tarakilishi walikumbana na tatizo lili hili, kwa sababu kazi yao nayo ni matini inayoguswa na mikono mingi. Mnamo 1972 Marc Rochkind wa maabara za Bell, Marekani, aliunda mfumo wa SCCS wa kusajili mabadiliko ya faili, na mingine ikafuata. Uliotia fora ni Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya wajenzi wa Linux. Git haiuzwi, na husajili mabadiliko hata pasipo intaneti. Mtumiaji huiendesha kwa kuandika amri fupi fupi.

Amri ya "git init" huligeuza folda la kawaida kuwa ghala lenye kumbukumbu. "git add" huteua faili ambazo mabadiliko yake yanakusudiwa kusajiliwa, na "git commit" huyasajili. Kila usajili hubeba hali ya faili za ghala hilo kama zilivyoteuliwa wakati huo, jina la mhusika, tarehe na saa, ujumbe wa kulieleza badiliko, pamoja na kitambulisho cha usajili uliotangulia. Kwa njia hiyo sajili zote hufungamana kama pete za mkufu. "git log" hulisoma daftari hilo, na "git diff" huonyesha mistari iliyoondolewa na iliyotiwa mahali pake. Kwa kuwa Git hulinganisha matini mstari kwa mstari, inawafaa mno wahariri wa ushairi: kila mshororo ukipewa mstari wake, neno moja likiguswa, mshororo huo hujitokeza wenyewe.

Hata hivyo, uzito wa zana hii hauko katika amri zake bali katika ule ujumbe. Kwa kawaida Git hukataa kusajili badiliko lisilo na maelezo. Anayeandika "masahihisho" ametimiza sharti bila kusema lolote. Anayeandika "Ubeti wa 4: 'macho' limerejeshwa kuwa 'mato' kama alivyotamka msimulizi, kina ni -to" amewaachia wajao hoja wanayoweza kuipima, kuikubali au kuipinga. Hiyo si kazi ya fundi wa mitambo. Ni kazi ya mhariri na mhakiki, na idara za Kiswahili ndizo zinazopaswa kuonyesha namna inavyofanywa.

Wapo watakaodai kuwa programu za kawaida za kuandikia huweza kuonyesha masahihisho. Ni kweli, lakini masahihisho yakishakubaliwa, alama zake hutoweka, na sababu zake aghalabu hazikuandikwa tangu mwanzo. Wengine watalalamika kuwa amri zenyewe ni za Kiingereza. Amri ni chache na hukaririwa kwa siku moja. Ujumbe, ambao ndio utakaosomwa kwa miaka mingi, huandikwa kwa Kiswahili, na hata kwa hati za Kiarabu ukitakwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa Kiswahili huingia katika tarakilishi pale wenyewe wanapokiingiza.

Zana hii ina mipaka yake, na si uungwana kuificha. Hufanya kazi vyema kwa matini ghafi. Faili za Word huzihifadhi, lakini pasipo msaada wa ziada haionyeshi ni mshororo upi uliobadilika. Jina linaloandikwa katika sajili ni lile ambalo mtumiaji amejitambulisha nalo, kwa hiyo mwongo aweza kuandika uongo. Tena, ghala lililo katika tarakilishi moja tu huibwa pamoja na tarakilishi hiyo. Sharti nakala yake iwekwe mahali pengine. Daftari halimfanyi mfanyabiashara kuwa mwaminifu. Humwezesha mwaminifu kuthibitisha uaminifu wake.

Linalopendekezwa hapa si kila mwanafunzi wa Kiswahili awe mtaalamu wa tarakilishi. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuanza na majarida yao, kila makala yakisajiliwa tangu yanapopokelewa hadi yanapopigwa chapa, ili mwandishi ajue ni nani aliyemgusia sentensi yake na kwa nini. Wahadhiri wa mbinu za utafiti nao wanaweza kudai kwamba tasnifu yenye matini za nyanjani iwasilishwe pamoja na sajili ya mabadiliko ya matini hizo, kuanzia unukuzi wa kwanza. Wazee wanaokubali kurekodiwa huwakabidhi wanafunzi maneno waliyoyapokea kwa wazazi wao. Neno lao likibadilishwa, jambo dogo kabisa wanalodai kutoka kwa msomi ni kwamba ajulikane aliyelibadilisha, na sababu yake isomeke.