Usikaze kwa Hasira

Mwezi huu naanza kwa kuungama: nimemdanganya mtoto wangu wa miaka sita, na mama yake akanisikia.

Wengi mnajua kituo changu cha kazi ni Mwese, huku milimani Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, ambako asubuhi bila sweta hutoki. Mama Junior yuko Dar na kazi yake. Tunaonana likizo kwa likizo. Safari hii walikuja wiki mbili, na Junior alishuka kwenye basi amekumbatia gari lake la rimoti utadhani kabeba yai.

Jumamosi gurudumu la mbele likaanza kucheza. Nikasema hapa ndipo pa kuonyesha ubaba. Nikachukua bisibisi, nikakaza. Bado linacheza. Nikakaza tena, nguvu zile za kufungia bawaba za mlango. Mara skrubu ikawa laini, inazunguka tu, haishiki kitu. Nyuzi zimekatika ndani ya plastiki! Junior ananitazama. Nikamwambia, “Hili gari bovu, mama yako kauziwa feki.”

Mama Junior wala hakupaza sauti. “Baba Junior, gari limetoka Dar zima. Ni kazi gani kusema umeliharibu?”

Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Jumapili nikamshika Junior mkono mpaka kwa fundi redio wa hapa kwetu. Akaitazama ile skrubu, akacheka. “Mwalimu, hii ni plastiki, siyo mninga.”

Akatueleza. Skrubu za namna hii hazina nati. Zenyewe ndizo zinazochonga njia yake kwenye plastiki siku ya kwanza. Ukizidisha nguvu, chuma kinashinda na zile nyuzi zinasagika.

Basi alichonga kijiti cha meno, akakipaka supaglu, akakisokomeza kwenye tundu na kukata kilichobaki nje. Tukasubiri gundi ikauke kabisa, maana ukiwa na haraka skrubu nayo inagandia humo humo, ndiyo imetoka hiyo. Kisha akairudisha taratibu, ikashika.

Skrubu nyingine zilizokuwa nzima alizirudisha kwa ujanja ambao sikuujua. Unaiweka skrubu tunduni, unaizungusha kwanza kinyume, polepole, mpaka usikie imedondokea “ta!” kwenye njia yake ya zamani. Ndipo unakaza, kwa vidole viwili tu. Ikigoma, unaacha. Ukiilazimisha inachonga njia mpya juu ya ile ya zamani, na zote mbili zinakufa.

Akasema kijiti kikishindwa, tafuta skrubu ndefu kidogo ifike kwenye plastiki ambayo haijaguswa. Au toboa mpaka upande wa pili, upitishe bolti na nati. Ila plastiki ikishapasuka, usihangaike, badilisha kipande kizima. Magari ya kuunga mwenyewe, kama yale ambayo Tamiya ya Japani imeuza tangu 1976, vipande vyake hununuliwa kimoja kimoja. Haya ya kuchezea watoto mara nyingi hayana spea, kwa hiyo kijiti ndiyo mkombozi wako.

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia Junior, “Baba ndiye aliyeharibu gari, halafu baba akasema uongo.” Akafikiri kidogo. “Najua. Nilikuona.”

Jamani! Alikuwa anajua siku nzima, akanisitiri.

Jioni nilimweleza Mama Junior hayo yote. Nikamwambia na lile lililokuwa linanisumbua: wiki mbili hizi nilitaka ziwe na ubaba wa miezi sita. Kila kitu nakaza kwa mkupuo, kuanzia adabu ya mtoto mpaka mapenzi yetu. Akanisikiliza, akasema, “Basi punguza nguvu. Sisi hatukimbii.” Tukakubaliana kila siku saa mbili usiku nimpigie mwanangu, dakika kumi tu, hata kama hatuna la maana.

Wewe unayeishi mbali na mwenzio, nawe jiulize: ukifika nyumbani unakaza au unalazimisha?

Gari linakimbia mpaka leo. Tukutane mwezi ujao, pendaneni!