Boti ikitua Idjwi, watu wahesabiwe tena

Boti zinazotua Idjwi hazikai sana. Msafiri anayejua Ziwa Kivu hapotezi dakika hizo: ananunua mananasi, ndizi na kahawa kutoka mikono ya wakulima wenyewe, na kama ana ndugu aliyekimbilia kisiwani kwa ajili ya vita, anamuachia kifurushi na habari za nyumbani.

Ni faida kubwa kwa familia zilizotawanyika. Lakini dakika hizo hizo ndizo za hatari. Mizigo inaongezwa, watu wasioandikwa kwenye orodha wanapanda, na boti inaondoka imejaa kuliko ilivyofika.

Goma haijasahau tarehe 3 Oktoba 2024. MV Merdi ilitoka Minova imejaza watu kupita kipimo, ikazama karibu na Kituku, watu wakiona kutoka ukingoni. Wengi walikuwa wamechagua ziwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na vita.

Wenye boti watasema mafuta ni ghali. Ni kweli, lakini deni hilo lisilipwe kwa uhai wa mtu. Wakubwa wa bandari wahesabu watu tena kwenye kila kituo, majina yaandikwe, na kila mmoja avae jilé kabla ya kamba kufunguliwa.

Na wewe msafiri, ukiona maji yamekaribia mdomo wa boti, shuka na watoto wako. Kulala Idjwi usiku mmoja si hasara. Kesho boti ingine itapita.