Msafiri na Chakula cha Meksiko

Safari zimekuwa nyingi, na kijana wa Kiislamu aweza kujikuta Meksiko kwa masomo au kwa biashara. Huko atakuta mapishi ambayo mwaka 2010 UNESCO iliyaandika katika urithi wa wanadamu, na kila jimbo lina yake. Msingi wake ni mahindi, na asili ya mahindi ni huko huko. Huchemshwa kwa maji ya chokaa, husagwa, kisha hufanywa mikate myembamba iitwayo tortilla, ikaokwa juu ya kaango kavu. Mkate huo kwa asili hautiwi mafuta.

Lakini mtu asidhani kuwa akiisha kuepuka nyama ameepukana na haramu. Nyama ya nguruwe hujulikana, kama ile cochinita pibil ya Yucatán, ifungwayo katika majani ya mgomba na kupikwa shimoni. Hiyo haimtatizi mtu. Litatizalo ni mafuta yake. Maharagwe ya kupondwa mara nyingi hukaangwa kwa mafuta hayo. Tamales, ambazo ni unga wa mahindi uliofungwa majanini na kupikwa kwa mvuke, hukandwa nayo. Na huko Oaxaca mkate mpana uitwao tlayuda hupakwa masimbi yake. Basi mwenye kuagiza maharagwe kwa kujihadhari huenda akala kile kile alichokikimbia.

Neno la kushika ni moja: manteca. Huko maana yake ni mafuta ya nguruwe. Siagi huitwa mantequilla. Yampasa msafiri aulize kabla ya kuagiza: “¿Lleva manteca?” yaani, je, kimetiwa mafuta hayo?

Wala mlango haukufungwa. Pwani ya Veracruz samaki huungwa kwa nyanya, vitunguu, zeituni na mafuta ya zeituni, na windo la bahari tumehalalishiwa katika Sura ya Al-Maida. Kuku na ng'ombe wana sharti la kuchinjwa, samaki hana.

Tena aulize kwa upole. Bwana Mtume (s.a.w.) hakuwa na desturi ya kukiaibisha chakula. Wenyeji wale wamerithi mapishi yao kwa wazee wao, na kumkunjia uso mpishi aliyekukaribisha si katika uchaji. Kataa kwa shukrani, na ule kilicho halali kwa Bismillahi.

Wallahu aalam.