Gari la Doria Lisilipiwe kwa Pesa za Maji

Msimu wa bajeti ukifika, kuanzia Mwingi katika Kaunti ya Kitui hadi Mtito Andei katika Kaunti ya Makueni, kuna kauli isiyokosa kusikika katika vikao vya wananchi: usalama kwanza, maendeleo baadaye. Mzee anasimama na kueleza jinsi mbuzi wake walivyoswagwa usiku, na jinsi alivyopiga simu kituoni akaambiwa gari halina mafuta. Anamaliza kwa kumwomba gavana awanunulie polisi gari la doria. Watu wanapiga makofi, mwakilishi wa wadi (MCA) anaitikia kwa kichwa, karani anaandika. Uchungu wa mzee huyo ni wa kweli. Ila ombi lake limepelekwa kwa asiyehusika, na likikubaliwa, atakayeligharamia ni yeye mwenyewe, kwa maji, dawa na barabara atakazokosa.

Katiba ya Kenya ya 2010 haikuacha jambo hili gizani. Jedwali la Nne linagawa kazi kati ya ngazi mbili za serikali, na polisi wako upande wa serikali ya kitaifa. Kaunti zimepewa afya, kilimo, maji, barabara za kaunti, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Gavana hana amri juu ya askari hata mmoja. Amri ni ya Inspekta Jenerali, na kamati ya usalama ya kaunti huongozwa na kamishna wa kaunti, ambaye ni afisa wa serikali ya kitaifa. Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi moja kuikabidhi nyingine kazi yake, lakini kwa makubaliano, na rasilimali za kuifanya kazi hiyo lazima ziende pamoja nayo. Anayetaka kaunti zetu ziwabebe polisi atuonyeshe kwanza makubaliano hayo, kisha atuonyeshe pesa zenyewe.

Hazipo. Katiba inazihakikishia kaunti zote 47 kwa jumla angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Sehemu kubwa inayosalia iko Nairobi, na humo ndimo mna mishahara ya polisi, magari yao na mafuta yao. Mkulima wa Ikutha huchangia kila anapopanda bodaboda inayotumia petroli yenye kodi na kila anaponunua muda wa maongezi. Polisi tumeshawalipia. Tunapoiomba kaunti iwanunulie gari, tunajitolea kulipa mara ya pili huduma ambayo malipo ya kwanza hayajatufikia.

Malipo hayo ya pili yatatoka wapi? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Humo ndimo mnamotoka kisima, zahanati, soko na daraja. Kitui ina wadi 40, Makueni 30. Wadi moja ikipewa gari la doria, jirani yake atadai lake, na atakuwa na haki. Gari nalo haliishii kwenye bei ya kununua. Kila mwaka litataka mafuta, matairi, bima na fundi, na mwaka ambao kaunti itashindwa kulipa, polisi watakuwa na jibu tayari: mwulizeni gavana.

Majirani zetu wa Machakos walilipitia hili katika miaka ya mwanzo ya ugatuzi, serikali ya Gavana Alfred Mutua ilipowanunulia polisi magari kwa shangwe kubwa. Wengi wa Ukambani bado wanaitaja Machakos kama mfano wa kuigwa. Mimi naona ni mfano wa kuepukwa, kwa sababu kaunti ilinunua chombo isichoweza kukiamuru. Askari akihamishwa, gavana hana la kusema. Gari likipelekwa kwingine, MCA hana wa kumwita ajieleze.

Najua nitakachojibiwa. Mtu wa Mutha au Ngomeni, ambako wakati wa ukame wakulima na wafugaji wa ngamia wamegombana mara kwa mara hadi damu ikamwagika, hana muda wa kusoma majedwali ya Katiba. Anataka kulala usingizi. Ni haki yake, na hiyo ndiyo sababu haifai kumtuma kwenye mlango usiofunguka. Mkanganyiko huu unawafaa viongozi wa pande zote mbili. Wa kitaifa wanasema kaunti isaidie, wa kaunti wanasema polisi si wao, na mwenye shamba anabaki katikati akihesabu hasara. Watu wenye bunduki ni wajibu wa serikali ya kitaifa, wala kaunti haifai kuwa kisingizio chake.

Kaunti ina kazi zake za usalama, nyingi tu, na zote zimo ndani ya mamlaka yake. Taa za barabarani ni zake. Leseni za baa ni zake, na kila mkazi wa mji mdogo anajua ni baa zipi zinazozaa visu kila Jumamosi. Maji nayo ni yake. Teremka kwenye mto wa msimu huko Kitui Kusini wakati wa kiangazi: akina mama wamechimba mashimo kwenye mchanga, wanachota kikombe kimoja kimoja hadi jerikani la lita 20 lijae, punda wamesimama foleni. Wasichana wametoka nyumbani kabla ya kupambazuka na wametembea gizani. Mama huyo ukimletea maji karibu, umemwondoa kwenye hatari ambayo hakuna doria ingemkinga nayo.

Na njia tunaijua, kwani vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vimekuwa vikijenga mabwawa ya mchanga kwa miaka mingi. Ukuta wa mawe na saruji unakatiza mto, mafuriko yanaleta mchanga unaojaa nyuma yake, na maji yanahifadhika ndani ya mchanga huo jua lisiyanyonye. Mahali penye maji ya kutosha, sababu moja kubwa ya ugomvi kati ya mkulima na mfugaji inapungua.

Makueni imeonyesha pia nguvu ya sheria. Ugomvi juu ya mchanga wa mito yetu umewahi kuua watu. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikajenga utaratibu wa kusimamia uvunaji. Uhifadhi wa udongo na maji ni kazi ambayo Katiba imeipa kaunti, kwa hiyo ilikuwa ikitumia mamlaka yake yenyewe. Lakini Kitui ilipoharakisha amri ya kuzuia makaa na mchanga kusafirishwa nje ya kaunti, Januari 2018, vijana walijitwalia kazi ya askari, na mwezi uliofuata lori la makaa likateketezwa. Amri ya kaunti isiyo na taratibu za kuitekeleza huzaa vurugu.

Lipo pia jukwaa la kuwahoji polisi, na hatulitumii. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua. Ndani yake wanaketi wakuu wa polisi wa kaunti pamoja na wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, vijana na dini. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele vya polisi, kufuatilia kama malengo yametimizwa, kukagua bajeti ya polisi katika kaunti na kuwapa wananchi nafasi ya kusema. Katika kaunti nyingi imebaki kwenye karatasi kwa miaka. Gavana anayetaka kusaidia kuhusu usalama aanzie hapo, kwani hilo halihitaji kuuza kisima cha mtu.

Makueni chini ya aliyekuwa gavana wake, Kivutha Kibwana, ilijijengea sifa kwa kupeleka mjadala wa bajeti hadi vijijini, watu wakachagua miradi wenyewe. Nafasi hiyo tusiitumie vibaya. Aliyeibiwa asinyamaze kikaoni, lakini aulize maswali mawili. Gavana, Mamlaka ya Polisi ya Kaunti imekutana lini, na ilikuta nini kwenye bajeti ya mafuta ya polisi wetu? Mheshimiwa mbunge, unayepitisha bajeti ya polisi kila Juni, pesa za kituo chetu zilikwenda wapi? Pesa za kaunti zibaki kwenye kazi za kaunti, na Nairobi ilipe deni lake.