Siin Iliyopotea Njiani Kutoka Ngoliba



Majuma matatu yaliyopita, dada yangu mkubwa akaaye Mji wa Kale, Mombasa, alinipigia simu baada ya Isha, naye ameudhika. Mjukuu wake, binti wa miaka 10, ndiye aliyefungua kwa kisomo darasa la wanawake ambalo mamake huliendesha kila Alkhamisi kwa redio ya intaneti, kutoka nyumbani kwao Ngoliba. "Mtoto asema bithmi," akaniambia. "Nani amsomeshaye huko bara?"

Msomaji mwenzangu, usidhani dada yangu alikuwa akitafuta neno. Kwa Kiarabu ism ni jina, na ithm ni dhambi. Baina yake ipo herufi moja tu, siin na thaa. Sisi tuliopigwa vidole vya chuoni kwa herufi moja twajua kwamba hilo si jambo la kufumbia macho. Basi dada akampigia bintiye, naye mtoto akayasikia yote kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika. Alilia, akasema hatagusa tena kipaza sauti.

Nilikuwa na safari ya Nairobi, nikaiongeza hadi Ngoliba. Kwa asiyepajua, ni mashariki ya Thika, kwenye kaunti ya Kiambu, pale ambapo ukavu wa kuelekea Ukambani waanza kuonekana na Kilimambogo wautazama mchana kutwa. Mpwa wangu aliolewa huko miaka kadhaa sasa. Jirani wa kusoma naye ni wachache, na ndiyo sababu alianzisha redio hiyo: wasikilizaji wake ni jamaa na mashoga walioko Mombasa, Lamu na Maskati, pamoja na wake wa Kiislamu waliotawanyika Thika na Ruiru. Mwenye kutaka kusikika kwa FM, kama Radio Rahma ya Mombasa au Iqra FM ya Nairobi, hana budi apate masafa. Yeye alianza na simu moja, kompyuta ya zamani na sebule.

Nilimketisha mtoto mbele yangu, nikamwomba asome. Siin yake ilitoka safi, haina doa. Kisha nikatoka uani na simu yangu, yeye akasoma ndani kupitia redio, nami nikasikia alichokisikia nyanya yake: bithmi. Mtoto alikuwa amesingiziwa.

Kosa lilikuwa mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutazama. Kijana mmoja aliyemsaidia mpwa wangu kuweka programu, kwa nia njema ya kumwokolea bando, aliiteremsha hadi kilobiti 16 kwa sekunde, na sauti ikawa yapimwa mara 8,000 tu kwa sekunde. Sasa, kanuni ya kompyuta ni kwamba haiwezi kuhifadhi mtetemo unaozidi nusu ya hesabu hiyo. Kila kilicho juu ya mitetemo 4,000 hutupwa. Irabu hazidhuriki sana, kwani nguvu yake iko chini. Lakini siin ni upepo upitao baina ya meno, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya mpaka huo. Ikikatwa, sikio hubaki na upepo usio na makali, nalo hukisia thaa au faa. Simu za kawaida zimekuwa na ila hiyo tangu zamani, maana zilipitisha mitetemo ya 300 hadi 3,400 tu, ndipo ukitaja jina huulizwa, "S ya Salma au F ya Fatma?"

Na hapa pana jambo ambalo nilitamani mtu awe ameniambia mapema. Siin ya mwanamke na ya mtoto huwa juu zaidi kuliko ya mwanamume. Kipimo kinachoweza kuvumilika kwa shekhe mwenye sauti nzito kinaweza kumharibia kabisa mwalimu wa kike na wanafunzi wake.

Tulipandisha kipimo hadi mara 44,100 kwa sekunde na kilobiti 64, kwa mono, kwa kuwa msomaji mmoja hana haja ya stirio. Gharama yake? Saa moja ya kilobiti 16 ni megabaiti 7.2, ya kilobiti 64 ni megabaiti 28.8. Tofauti ni megabaiti 21.6 kwa darasa zima, chini ya video chache ambazo sote twatumiana asubuhi bila kuhesabu.

Lakini msikilizaji naye hulipa bando lake, na wapo wasiokuwa na cha ziada. Kwa hao tuliweka mkondo wa pili wa kilobiti 24 kwa Opus, mtindo wa kufumba sauti uliokubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 2012. Huo hukamua sauti kwa ustadi zaidi kuliko MP3, na siin yabaki siin. Baadhi ya simu kuukuu haziufungui; wenye nazo wabaki na ule wa kwanza.

Nilidhani tumemaliza. Siin ilirudi, lakini darasa zima lilisikika kana kwamba lafanywa ndani ya pipa. Ilikuwa sebule. Sakafu ya saruji, kuta tupu, madirisha ya vioo, bati juu. Na kipaza sauti kilikuwa katikati ya meza, hatua nzima kutoka kwa msomaji. Piga kofi moja katika chumba chako kisha unyamaze. Ukisikia mlio unaobaki nyuma ya kofi, mlio huo utabaki nyuma ya kila neno lako, na hakuna mashine ya bei yoyote itakayouondoa vizuri baadaye. Tulihamia chumba cha kulala. Godoro, mapazia, kabati lililofunguliwa na mabuibui yake ndani, blanketi moja ukutani mbele ya msomaji: hivyo tu, bila shilingi kutoka. Mpwa wangu aliona haya kusomea Qur'ani penye kitanda, basi tukatandika mkeka na jamvi upande wa kabati, chumba kikapata heshima yake.

Kipaza sauti tukakisogeza hadi shubiri moja kutoka mdomoni. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayokifikia yabaki robo, ilhali mwangwi wa chumba haupungui. Kwa hiyo ukaribu wafaa kuliko kupaza sauti. Tukakiweka pembeni kidogo ya mdomo, kwa sababu baa, herufi ambayo Bismillahi yaanza nayo, hutoa pumzi inayokigonga kipaza kama ngoma. Soksi nyembamba iliyovutwa juu ya duara la waya ilimaliza yaliyosalia.

Jambo jingine lilikuwa kitufe cha kuondoa kelele ambacho programu nyingi hukiwasha zenyewe. Kimetengenezwa kwa mazungumzo. Sauti inayodumu bila kubadilika hudhani ni feni, hivyo madda ndefu huanza vizuri kisha ikafifia kabla ya haki yake. Kizimeni wakati wa kisomo. Na kipimo cha ukubwa wa sauti kisifike kwenye alama nyekundu hata mara moja, kwani sauti iliyopasuka haishoneki.

Kukatikakatika kulikuwa na sababu nyepesi. Mpwa wangu alikuwa akimtumia kila msikilizaji mkondo wake moja kwa moja. Watu 20 kwa kilobiti 64 ni kilobiti 1,280, mzigo ambao mtandao wa simu pale hauubebi kila saa. Sasa hutuma mkondo mmoja kwa seva yenye programu ya Icecast, ambayo haiuzwi, nayo seva ndiyo igawayo. Simu inayoleta intaneti imehamia dirishani na kuungwa kwa waya na kompyuta. Mvua juu ya bati haina dawa niijuayo: hurekodi kisomo alasiri mawingu yakikusanyika, na wakati wa darasa huomba radhi.

Kabla sijaondoka nilimpigia dada, nikamweleza kwamba mtoto hakukosea. Alinyamaza kitambo, kisha akataka apewe simu mjukuu. Walizungumza faragha, sikuuliza nini. Alkhamisi iliyofuata nilikuwa nimesharudi Mombasa, nimeketi kwa dada na simu yake ndogo juu ya sinia. Mtoto akaanza, siin ikafika. Dada alifumba macho hadi mwisho, kisha akampigia.

"Nakusikia sasa, mwanangu. Ila ile madda ya aya ya pili umeikata."

Nilisikia mtoto akicheka. Kwa kweli alikuwa ameikata.