Maoni: Katuni zetu za zamani zisiishie kufungia karanga

Juma lililopita nilinunua karanga za franka 500 katika soko la Kasongo. Mama muuzaji alizifunga ndani ya karatasi iliyokunjwa kama pembe. Nilipomaliza kutafuna nikaikunjua ile karatasi, nikaona roketi ya miraba myekundu na myeupe, imesimama juu ya mwezi. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha Tintin, kile cha safari ya mwezini.

Nilirudi kwa yule mama kuuliza kama kurasa nyingine bado zipo. Alicheka. "Papa, asubuhi kilikuwa kitabu kizima. Sasa kimebaki jalada tu." Alisema kuna kijana aliyemletea mfuko mzima wa vitabu alipokuwa akisafisha nyumba ya marehemu baba yake, ambaye alikuwa mwalimu. Aliviuza kwa kilo.

Simlaumu mama huyo, na kijana simlaumu pia. Karatasi ni ghali na karanga lazima zifungwe. Lakini nilirudi nyumbani na huzuni, na ndiyo maana naandika.

Kitabu hicho kilitoka Ubelgiji mwaka 1954, miaka 15 kabla mtu hajakanyaga mwezi kweli. Novemba 2016, mjini Paris, ukurasa wake mmoja, ule uliochorwa kwa mkono wa Hergé mwenyewe, uliuzwa mnadani kwa zaidi ya euro milioni 1.5. Huko Marekani, kitabu cha kwanza cha Superman, mtu aliyetoka sayari nyingine, kiliuzwa senti 10 mwaka 1938. Aprili 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6.

Tusidanganyane hapa. Nakala iliyochapwa kwa maelfu, tena iliyoliwa na mchwa, haitamtajirisha mtu wa Kasongo. Akija mgeni kukwambia kwamba kitabu chako kina thamani ya nyumba, tazama kwanza mwaka wa uchapaji ndani yake, na ile orodha ya vitabu vya Tintin nyuma ya jalada. Ikiwa kitabu ni cha 1954 lakini orodha inataja vitabu vya miaka ya 1970, basi unashika chapa ya baadaye. Akija mwingine kukwambia ni takataka, naye usimwamini haraka.

Thamani ninayoitaka mimi si ya mnadani. Vitabu hivi ni ushahidi. Vinaonyesha jinsi watu wengine walivyochora kesho ya dunia, na mahali walipotuweka sisi katika kesho hiyo. Hergé alimpeleka Tintin Kongo mwaka 1930 bila yeye mwenyewe kufika hapa hata siku moja, akatuchora kama watoto wasiojua kitu. Zaidi ya miaka 20 baadaye akampeleka mwezini, na katika safari hiyo hakuna Mkongomani. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja anayeishi Ubelgiji alikishitaki kile kitabu cha Kongo. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikakataa ombi lake. Wapo wanaosema kitabu cha namna hiyo kichomwe. Mimi nasema kihifadhiwe, na mwalimu akae na wanafunzi wake akifungue ukurasa kwa ukurasa. Ukichoma ushahidi utamshitaki nani, na kwa kitu gani?

Wamarekani nao, mwaka 1966, walibuni Wakanda, nchi ya Afrika yenye madini yasiyopatikana popote duniani, ambayo inayatumia yenyewe kutengeneza vyombo vya ajabu. Msomaji wa Kabambare hahitaji kuelezwa sana hadithi hiyo. Dhahabu ya Namoya ilianza kuchimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Makampuni yamekuja na kuondoka, na barabara ya kwetu ni ile ile. Kijana wa Namoya akisoma katuni hiyo ya zamani atauliza swali ambalo hakuna mwanasiasa aliyemjibu: kwa nini madini yanajenga mji kwenye karatasi, lakini hayajengi Kabambare?

Na roketi hazikuwa ndoto ya karatasi tu. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Wajerumani iitwayo OTRAG ilirusha roketi kutoka Shaba, kusini mwetu, karibu na mto Luvua. Ilirusha mara tatu. Mara ya tatu, Juni 1978, Mobutu mwenyewe alikuwa anatazama, na roketi ikapinduka ikaanguka. Mimi binafsi sijaona katuni hata moja ya Kikongomani iliyosimulia jambo hilo. Labda ipo. Labda ilifungia karanga.

Wachoraji hatukukosa. Mwaka 1968 Kinshasa ilikuwa na jarida la Jeunes pour Jeunes, ambalo baadaye liliitwa Kake, lililojaa katuni katika lugha ya vijana wa mjini. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechapishwa na wachapishaji wakubwa wa Ufaransa. Lakini leo mtafiti akitaka kuona majarida yetu ya miaka ile, mara nyingi ataelekezwa kwenye maktaba za Ulaya. Huku kwetu kilichosalimika na uasi wa Simba mwaka 1964, kisha vita vya 1996 na 1998, kimo katika masanduku ya wazee, na wazee wanaondoka.

Najua nitakachojibiwa. Watu wanakimbia vijiji vyao, hospitali hazina dawa, barabara ya Kindu haipitiki mvua ikinyesha, na huyu anatuletea habari za katuni! Ni kweli, usalama na chakula vinatangulia. Lakini ninachoomba hakichukui franka ya dawa wala ya barabara. Naomba kabati moja Kasongo na kabati moja Kabambare. Parokia, msikiti, shule au chuo kikuu, yeyote mwenye chumba kikavu na mtu mwaminifu wa kushika ufunguo. Redio zetu zitangaze: mwenye katuni za zamani, asiziuze kwa kilo, azilete. Anayetaka kitabu kibaki chake, kiandikwe jina lake. Katika daftari iandikwe pia jina la kitabu, mwaka wake, na nyumba ilikotoka.

Kutunza nako si kazi ya wataalamu tu. Karatasi isilale chini kwenye udongo, maana hapo mchwa na unyevu wataimaliza. Sanduku la bati juu ya mawe au mbao linatosha kwa kuanzia, likifunguliwa mara kwa mara lipate hewa. Jua lisiifikie, maana karatasi ya bei rahisi hugeuka njano na kuvunjika. Pini zilizoshika kutu zitolewe taratibu. Na tafadhali, ukurasa uliopasuka usibandikwe skochi, maana gundi yake huacha doa lisilotoka.

Kabati likishajaa lisiwe kaburi la vitabu. Mara moja kwa juma watoto waingie, wanawe mikono, wasome. Kisha wapewe kalamu na karatasi wachore Kasongo ya mwaka 2080. Wengine watachora roketi, wengine watachora daraja tu, au hospitali yenye taa. Yote ni sawa, maana safari hii mchoraji atakuwa amekaa hapa hapa.

Ule ukurasa wa mwezini nimeupangusa mafuta ya karanga na kuuweka ndani ya daftari. Jalada nalo nilikwenda kulichukua. Yule mama alinipa bure. Ndivyo vitu vyangu viwili vya kwanza kwa kabati la Kasongo. Nani analeta cha tatu?